Kiswahili cha Shambani

Siku Mwalimu Njenga alipoambiwa avue kofia, kliniki ya Daktari Melnik ilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja wanaosubiri, na wote walisikia.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, mwaka 1984, saa nne na nusu asubuhi. Kliniki yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida tu katika mtaa wa nyumba zilizobanana, dakika saba kwa miguu kutoka stesheni ya Ilford. Chumba cha mbele, ambacho majirani walikifanya sebule, Daktari Asher Melnik alikifanya chumba cha kusubiri. Chumba cha pili ndicho alichotibia. Yeye na mkewe Lila waliishi nyuma na juu, na harufu ya supu ya Lila ilikuwa ikiwafikia wagonjwa kabla hata hawajamwona daktari.

Penye meza ya mapokezi aliketi Damyanti, mjane wa Kihindi mwenye sari na sweta juu yake. Alizaliwa Zanzibar. Duka la nguo la mumewe lilivunjwa wiki ya Mapinduzi. Wakakimbilia Mombasa, mume akafia huko, naye akaja London na sanduku moja. Alianza kazi kwa Melnik mwaka 1971, na siku ya kwanza tu alishindwa kuvumilia Kiswahili cha tajiri wake.

"Daktari, Kiswahili hicho umekiokota wapi, zizini?"

Melnik alicheka hadi akavua miwani. Damyanti hakuwa mbali na ukweli. Wazazi wake, Mayahudi wa Lithuania, walikwenda kulima ngano kwenye tambarare za Uasin Gishu, na huko ndiko alikozaliwa mwaka 1918. Kiswahili alikipata kwa yaya na kwa watu wa plau, tena kilikuwa Kiswahili cha amri: lete, ondoa, kimbia. Hakikuwa na tafadhali ndani yake. "Basi nifundishe," alimwambia Damyanti, naye akamfundisha, miaka kumi na mitatu, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Akajua kusema shikamoo na pole. Akajua kuuliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza habari za tumbo. Wahindi wa Kisumu na Kampala, manesi wa Kikenya, hata Mayahudi wazee wa mtaani waliosikia lugha hiyo bila kuielewa, wote walimwita daktari wetu.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba tangu mwaka juzi Damyanti alikuwa akikagua kila cheti cha dawa kabla hakijatoka mlangoni. Alipokuta kosa alirudi ndani na kusema, "Daktari, mwandiko wako leo hausomeki, niandikie tena." Naye aliandika tena, mara nyingi sawasawa. Damyanti hakumwambia Lila. Lila naye, ambaye asubuhi nyingine alimkuta mumewe ameshika soksi hajui ni za nini, hakumwambia Damyanti. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Mwalimu Njenga aliletwa na binti yake Zipporah, nesi wa hospitali. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu kutoka pande za Burnt Forest, umri wa miaka sitini na tisa, na alikuwa na wiki tatu tu London. Miguu ilimvimba na pumzi zilimkatika kwenye ngazi. Alivaa suti, tai, na kofia ya kijivu ya kitambaa kizito aliyoinunua Nairobi kwa ajili ya safari. Kiingereza alikifahamu vizuri kuliko wengi waliozaliwa nacho, lakini Zipporah alikuwa amechoka kuona jinsi watu wa hospitali wanavyomsemesha baba yake polepole na kwa sauti kubwa, kama mtoto mgumu wa kuelewa.

"Huyu utazungumza naye kama mtu, Baba," alimwambia. "Ni mtu wa kwetu."

Waliingia. Mlango wa chumba cha matibabu haukuwa ukifunga vizuri tangu majira ya baridi yaliyopita. Mara ikatoka sauti ambayo Damyanti hakuwahi kuisikia, ingawa koo lilikuwa lile lile.

"Wewe! Toa kofia! Hapana ingia nyumba ya mimi na kofia!"

Zipporah alisema jambo. Sauti ikamfunika.

"Simama huko! Hapana karibu meza! Nani naleta wewe hapa? Nyapara iko wapi?"

Mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akisoma gazeti aliliteremsha mapajani. Mama mmoja wa Kikenya akainamisha macho kwenye kadi yake ya zamu. Mlango ukafunguka, akatoka Mwalimu Njenga, kichwa wazi, kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili. Alipita katikati ya watu kumi na mmoja bila kumtazama hata mmoja. Zipporah alifuata, uso umekauka.

"Mama, umesikia?" alimuuliza Damyanti.

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi ukiitwa, utasema ulichosikia."

Walipotoka, Damyanti aliingia ndani. Daktari alikuwa amekaa vizuri, mikono juu ya meza, uso wa mtu aliyemaliza kazi ndogo. "Nani anafuata?" aliuliza, kwa Kiswahili safi alichofundishwa. Mbele yake palikuwa na cheti cha dawa kilichoandikwa tayari. Damyanti alikisoma, akakikunja mara nne, akakitia mkobani. Safari hii hakusema kwamba mwandiko hausomeki.

*

Barua ya kamati inayosimamia madaktari wa familia ilifika baada ya siku tisa. Lila aliifungua yeye, kama alivyofungua barua zote, kisha akasubiri hadi mgonjwa wa mwisho alipoondoka, akamwita Damyanti jikoni. Daktari alikuwa juu, amelala.

Lila alikuwa binti wa fundi cherehani wa Whitechapel. Ndani ya miaka thelathini na sita ya ndoa alijifunza neno moja tu la Kiswahili, asante, tena alilitamka vibaya. Lugha ile ilikuwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakuwa na ufunguo wake. Aliwasikia mumewe na Damyanti wakicheka upande wa pili wa ukuta, na mara chache aliuliza wanacheka nini. Kilichochekesha hakikuvuka kwenda Kiingereza.

"Niambie alimwambia nini," alisema Lila. "Neno kwa neno."

Damyanti alimtafsiria. Kwa Kiingereza maneno yalitoka mepesi, kama ya mzee mwenye mafua.

"Ni hayo tu?" Lila aliuliza. "Avue kofia, asimame mbali na meza? Baba yangu alimwambia kila mtu avue kofia."

"Siyo namna ile, Bibi Melnik. Vile mtu hamwambii mgonjwa. Mtu hamwambii hata mwizi. Vile bwana anamwambia mtu wake wa shamba. Yule mzee amezaliwa huko huko. Alielewa kila herufi."

"Asher hajamwita mtu mweusi jina baya maisha yake yote."

"Najua."

"Mwaka ule Wahindi wa Kampala mlipofika nyote kwa mkupuo, madaktari wa mtaa huu walisema orodha zao zimejaa. Nani aliwapokea? Aliketi humu ndani mpaka saa tatu za usiku."

"Najua, Bibi Melnik. Nilikuwapo."

Lila alilainisha barua juu ya meza kwa kiganja, kama nguo inayosubiri pasi. "Basi tutaandika kwamba alichoka. Ataomba radhi. Wataweka onyo kwenye faili, tutaendelea."

"Hakuchoka."

"Damyanti."

"Hakuwa humu ndani, Bibi Melnik. Alikuwa shambani. Alikuwa anamwita nyapara wa baba yake."

Lila alinyanyuka, akalifunga bomba la maji ambalo halikuwa linavuja. Aliposema tena, hakugeuka. "Nisikilize. Mtu mkali anaomba radhi, watu wanasahau. Mtu aliyepotewa na akili watamfungia mlango siku hiyo hiyo. Watachukua mafaili yote, miaka thelathini, wayapekue. Kila aliyefiwa na mama yake atakuja kuuliza. Mimi heri waseme mume wangu ni mtu mbaya."

"Mbele ya watu wote hawa waliompenda?"

"Heri." Akageuka. "Na wewe utakwenda wapi? Una miaka hamsini na tisa. Nani atakuajiri?"

Damyanti alikuwa amejiuliza swali hilo usiku tisa mfululizo, kwa hiyo halikumshtua. Kilichomuuma ni kwamba lilisemwa jikoni, mahali alipokula chakula cha mchana miaka kumi na mitatu, kwenye sahani alizowekewa kando kwa sababu hakula nyama.

"Kuna kingine chochote?" Lila aliuliza, taratibu sasa. "Kimeandikwa?"

"Kipo cheti cha dawa. Cha yule mzee."

Lila alinyoosha mkono. "Nipe."

"Nimekiacha nyumbani."

Mkoba ulikuwa magotini mwake. Wote wawili waliutazama.

*

Jumapili mchana walikwenda watatu kumwomba radhi Mwalimu Njenga. Lila alioka keki ya asali, akaifunga kwa karatasi ya nta na utepe. Damyanti aliombwa aje kwa sababu, alisema Lila, yeye ndiye anayejua adabu zao. Daktari alivaa koti lake zuri. Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia. Njiani alisoma mabango ya maduka kwa sauti na kuuliza kwa nini wanatembea haraka.

"Ulimjibu mgonjwa vibaya kidogo," Lila alimwambia. "Utasema samahani, basi."

Zipporah aliishi ghorofa ya juu ya duka la viatu, barabara kuu. Alifungua mlango akiwa na sare, maana alikuwa na zamu ya jioni. Alimtazama Lila, akaitazama keki, akaipokea na kuiweka chini pembeni ya mlango, karibu na viatu. Hakusema asante. Kiti kilikuwa kimoja cha kuegemea, na ndicho alichokalia baba yake, miguu juu ya sanduku la safari. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimejaa kama mikate. Tangu siku ile alikataa katakata kupelekwa kwa daktari mwingine.

Lila na Damyanti walipewa ukingo wa kitanda. Daktari alibaki amesimama.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. Walikuwa karibu rika moja. Shikamoo haikumstahili Njenga kwa umri, na kila mtu mle ndani aliyejua Kiswahili alielewa kwamba mtu huyu anajishusha.

Njenga hakuitikia. "Kaa, Daktari," alisema tu.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nimeambiwa nilikujibu vibaya. Lakini sikuambiwa nilisema nini." Daktari aliwatazama wanawake wawili kitandani, mmoja baada ya mwingine. "Nikiomba radhi ya kitu nisichokijua, itakuwa radhi ya bure. Niambie mwenyewe."

Lila alisikia mlio wa swali, akamgusa Damyanti kiwiko. Damyanti hakumtafsiria.

Njenga alimwambia. Aliyarudia yote, kwa lafudhi ile ile, toa kofia, hapana karibu meza, nyapara iko wapi; aliyajua kama mtu anavyojua sala. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ni maneno ya baba yangu," alisema.

"Ni maneno ya baba wa watu wengi."

"Mwalimu, sisi huko hatukuwa kama Wazungu wengine. Klabuni hawakutuingiza. Shuleni walinipiga kwa sababu ni Myahudi. Baba yangu alikimbia kwao bila..."

"Najua," Njenga alimkata. "Tuliwaona wanavyowacheka. Lakini kofia tuliwavulia na nyinyi pia."

Basi lilipita chini, vioo vikatetemeka.

"Nikwambie kilichoniuma," Njenga aliendelea. Alipumua mara mbili kabla ya kupata sentensi nyingine. "Siyo wewe. Wewe ni mzee, ulisema upuuzi, wazee husema upuuzi. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne. Wanafunzi wangu wengine ni mawakili. Hata mkuu wa wilaya alipokuja shuleni kwangu alinikuta nimekaa. Uliposema toa kofia, mkono ukapanda wenyewe. Niliivua. Mbele ya mtoto wangu. Niliishika hivi." Akaonyesha, mikono miwili kifuani. "Miaka hamsini na zaidi, na mkono haukusahau. Sasa wewe unaniomba radhi ya nini? Huo mkono ni wangu."

Zipporah aligeukia dirisha. Barua ya malalamiko ilikuwa yake, wala si ya baba yake. Baba aliomba asiandike. Kila siku tangu hapo alimwambia wachana nayo, kila mtu anayesoma barua ile ananiona tena nimesimama vile. Naye alimjibu kwamba asipoandika yeye, nani.

Daktari alifanya kitu pekee alichokijua vizuri. Alipiga magoti kwenye zulia, goti moja, kisha la pili, kwa shida, akakunja suruali ya Njenga na kubonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki.

"Usiku unalalia mito mingapi?"

"Mitatu. Jana nilikaa."

"Unakohoa ukilala?"

"Nakohoa."

Alimshika mapigo ya moyo kwenye mkono, macho yakitazama saa, midomo ikihesabu. Alikuwa daktari mzima, kila kidole mahali pake. "Sista," alimwambia Zipporah, "usingoje kesho. Leo hii, hospitali. Mapafu yameanza kujaa maji. Waambie mimi ndiye niliyesema." Na akaeleza, taratibu na kwa usahihi, nini wampe na kwa nini.

Zipporah alimsikiliza kama nesi anavyomsikiliza daktari mzuri. Mabega yake yalishuka kidogo. Lila aliliona hilo, akaona mlango wa msamaha unafunguka, akashika kamba za mkoba wake kwa nguvu.

"Nitaandika kwamba tumeongea," Zipporah alisema mwishowe, kwa Kiingereza, ili Lila naye asikie. "Nitaiondoa barua yangu. Baba ndiye anayetaka. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Siku ile ilikuwa nini? Ni ugonjwa, au ni wewe?"

"Alichoka," Lila alisema haraka. "Wagonjwa arobaini kwa siku. Alichoka tu, mpenzi."

Zipporah alimtazama Damyanti.

Damyanti aliona kesho, Jumatatu, na viti vya chumba cha kusubiri vimejaa. Akaona Pramila wa nambari ishirini na mbili na mtoto wake mwenye pumu. Akajiona yeye mwenyewe akisoma kila karatasi, siku baada ya siku, mpaka siku atakayopitiwa, au atakayolala na homa. Pia aliona, kwa uwazi ule ule, chumba chake cha kupanga na mita ya gesi inayodai sarafu. Alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Zipporah.

"Damyanti," alisema Lila. "Usifanye hivyo."

Zipporah alisoma. Ilimchukua muda mfupi sana. "Vidonge kumi," alisema. "Mara tatu kwa siku. Hii dawa ya moyo mtu hupewa kimoja." Akainua macho. "Baba angekufa kabla ya Ijumaa. Na hapa juu, tarehe. Ameandika elfu moja mia tisa thelathini na moja."

"Hebu nione," alisema daktari.

Alikuwa bado yuko chini sakafuni. Aliitwaa karatasi, akainua miwani, akaisoma na uso wa kukasirikia kazi mbovu ya mtu mwingine. Kisha uso ule ukaondoka.

"Mkono wangu," alisema.

Alipitisha kidole juu ya tarehe.

"Damyanti, ni hii moja tu?"

"Siyo moja, Daktari."

"Ngapi?"

"Nyingi. Nilikuwa nakwambia mwandiko hausomeki."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelewa hesabu iliyomshinda siku nyingi. Alijaribu kunyanyuka, magoti yakakataa. Lila alikwenda kumsaidia, lakini aliyekuwa karibu zaidi ni Njenga, na Njenga ndiye aliyempa mkono akiwa ameketi vile vile, akamvuta, wote wawili wakihema.

Ngazini Lila alisimama, akamwacha mumewe atangulie. "Miaka kumi na mitatu," alimwambia Damyanti. "Kwenye meza yangu." Hakusema zaidi. Kutoka hapo walitembea hadi nyumbani bila yeye kugeuza shingo upande wa Damyanti. Keki ilibaki karibu na viatu.

*

Kliniki ilifungwa mwezi wa nne. Watu wa kamati hawakuwa wakali. Walizungumza kwa sauti za chini kama wako msibani, na mmoja wao, aliyewahi kutibiwa na Melnik alipokuwa mvulana, alitoka nje kufuta pua. Mafaili yalichukuliwa kwa gari. Walipekua, wakamkuta mama mmoja wa mtaa wa pili aliyelazwa mwaka uliopita kwa dawa isiyokuwa yake, siku ambayo Damyanti alikuwa na ruhusa ya harusi ya mpwa wake. Mama huyo alipona. Lakini mwanawe alikuja kusimama mbele ya nyumba, akalitazama lile bango la shaba lenye jina la daktari, kisha akaling'oa kwa bisibisi, akaenda nalo.

Wagonjwa waligawanywa kwa madaktari wengine. Mwalimu Njenga alilazwa siku kumi na moja, akapata nafuu, na mwezi wa tano alirudi Kenya, akiwa ameikunja kofia ndani ya sanduku. Alimwambia binti yake ataishi muda uliobaki mahali asipohitaji kumweleza mtu kwamba yeye ni mwalimu.

Mtaani walisema Damyanti ndiye aliyemuuza daktari wetu. Pramila alikutana naye sokoni akageukia rundo la vitunguu. Kazi aliipata Hayes, kwenye jengo linalofungasha vyakula vya abiria wa ndege: treni, kisha basi, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, akiwa na kofia ya nailoni kichwani, akipanga vijiko vya plastiki kwenye trei. Msimamizi wake, kijana wa miaka ishirini na sita, alimwita mama, na alimkata mshahara wa robo saa akichelewa dakika tatu.

Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi mchana, mlango uligongwa. Lila alikuwa amesimama nje bila mwavuli. Alikonda. Damyanti alimkaribisha, Lila akakataa kuingia. Alitaka kusemea pale pale kizingitini.

"Kiingereza kimekwisha," alisema. "Tangu mwezi wa nane. Anasema lugha yenu tu."

"Pole, Bibi Melnik."

"Sikuja kwa pole." Alifunga kifungo cha koti. "Kuna kitu ananiambia kila asubuhi nikimpelekea maji ya kunawa. Anakisema kwa upole. Anatabasamu, wakati mwingine ananishika shavu. Nimekishika kwa kichwa. Nimekuja uniambie maana yake."

Alifumba macho na kusema, silabi baada ya silabi, kama mtoto anayesoma shairi: "We-we mjinga sana. Nani nafundisha wewe kazi? Lete maji moto, pesi pesi."

Damyanti aliegemea fremu ya mlango.

"Mimi namjibu kwa Kiingereza," Lila alisema. "Namwambia, nami pia, mpenzi wangu. Nami pia." Alikuwa karibu kutabasamu. "Ni kitu kizuri?"

Mvua ilikuwa ikimdondokea mabegani. Damyanti alifikiria uwongo, na uwongo ulikuwapo tayari mdomoni, mwepesi, wa maneno mawili. Lakini mwanamke huyu hakuwa mjinga. Angekwenda kuuliza kwa mwingine, nesi yeyote wa Kikenya, na angeambiwa mbele ya watu.

"Anadhani wewe ni mtumishi wa nyumba yao," alisema. "Anasema huijui kazi. Anataka maji ya moto, haraka."

Gari lilipita, likarusha maji ya barabarani, wala Lila hakusogeza mguu. Alipangusa uso kwa kiganja, akakifuta kiganja kwenye koti.

"Jana alinitupia beseni," alisema. "Nilipomwambia nami pia. Alikasirika, sijui kwa nini. Ina maana sikumjibu inavyotakiwa." Akamtazama Damyanti usoni, mara ya kwanza tangu ngazi zile. "Wao walikuwa wakimjibu nini?"

"Bibi Melnik, si lazima..."

"Walikuwa wakimjibu nini?"

"Ndiyo, bwana mdogo."

"Sema taratibu."

Damyanti alisema taratibu. Lila alirudia, akakosea. Akarudia tena, midomo ikitafuta mahali pa kuanzia. Mara ya tatu alilitamka sawasawa, na alipolitamka aliinamisha kichwa, ingawa hakuna mtu aliyemwonyesha kwamba huinamishwa.